Ahadi kwa kompaila: kisa cha kerneli ya Linux na ukubwa halisi wa kumbukumbu

Kisa hiki kinatokana na kazi iliyofanyika hadharani kati ya 2021 na 2023 ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji. Majina ya wahandisi na ya waajiri wao yameondolewa. Majina ya funksheni na namba za matoleo yamebaki, kwa sababu bila hayo msomaji hawezi kuufuatilia msimbo wenyewe. Kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeandika au kusimamia msimbo wa C wa ngazi ya chini, na kinahusu swali moja: nini hutokea pale unapoieleza kompaila (programu inayoutafsiri msimbo kuwa maelekezo ya mashine) jambo la kweli kuhusu kigawaji cha kumbukumbu (msimbo unaowapa wengine nafasi ya kumbukumbu), ilhali sehemu nyingine za mfumo zimekwisha kuzoea kuishi kana kwamba jambo hilo si kweli.

Usuli

Programu ya kawaida inapoita malloc ili kuomba kumbukumbu, kompaila inaitambua funksheni hiyo, kwa kuwa ni sehemu ya kiwango cha lugha ya C. Inajua kwamba kielekezi (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) kinachorudi kinaelekeza mahali papya ambapo hakuna kielekezi kingine kinachopafikia, na inajua kwamba mahali hapo pana baiti nyingi kama zilivyoombwa. Kerneli haitumii malloc. Inatumia kmalloc na jamaa zake, na machoni pa kompaila hizo ni funksheni kama nyingine zozote: zinapokea namba na kurudisha kielekezi ambacho kinaweza kuelekeza popote.

Kutojua huko kuna gharama. Kompaila isiyojua kama kielekezi kipya kinagusa data ya zamani hulazimika kuisoma upya data hiyo kutoka kwenye kumbukumbu kila baada ya kuandika kupitia kielekezi kipya, hata kama thamani yake tayari imo kwenye rejista, yaani hifadhi ndogo iliyo ndani ya kichakataji. Na kompaila isiyojua ukubwa wa bafa (eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa data) haiwezi kuthibitisha kwamba nakala ya memcpy, funksheni ya kunakili baiti, inatosha ndani yake, wala kuuondoa ukaguzi ambao ungeonekana wazi kuwa hauhitajiki.

Watunzaji wa kerneli walikuwa wameanza kuisaidia kompaila zamani. Msaada wa kwanza upo katika umbo la kmalloc yenyewe. Imeandikwa ili mwili wake uingizwe moja kwa moja mahali inapoitwa, na ndani yake kuna swali la kama ukubwa unaoombwa ni namba isiyobadilika inayojulikana wakati wa kukompaili. Wito mwingi wa kmalloc huomba nafasi ya muundo fulani wa data, kwa hiyo jibu mara nyingi ni ndiyo. Hapo msururu mzima wa ulinganishaji wa ukubwa huyeyuka wakati wa kukompaili, na kinachobaki ni wito mmoja unaokwenda moja kwa moja kwenye daraja linalofaa, yaani mojawapo ya ukubwa wa vipande uliopangwa tangu awali. Katika usanidi wa kawaida wa x86 madaraja hayo ni ya baiti 8, 16, 32, 64, 96, 128, 192, 256, 512, 1024, 2048, 4096 na 8192. Maombi makubwa zaidi hupelekwa kwa kigawaji cha kurasa. Mwaka 2015 ziliongezwa alama za kuieleza kompaila mpangilio wa chini kabisa wa anwani zinazorudishwa (namba ambayo kila anwani hugawanyika kwayo), na 2016 ikaongezwa alama ya kusema kwamba kielekezi kinachorudi hakigongani na kingine chochote.

Lililokuwa halijasemwa ni ukubwa. Upungufu huo ulionekana zaidi baada ya 2017, pale toleo la 4.13 lilipoingiza FORTIFY_SOURCE, yaani ukaguzi unaozungushwa kwenye memcpy, memset na wenzake ili kulinganisha urefu wa nakala na ukubwa wa bafa. Kwa bafa iliyotoka kmalloc kompaila ilijibu kwamba ukubwa haujulikani, na ukaguzi ukatoweka bila onyo lolote. Sehemu kubwa ya data ya kerneli inayohitaji ulinzi huo hutoka hukohuko.

Usuli huu hautimii bila ksize. Kwa kuwa kuna madaraja, anayeomba baiti 100 hupewa kipande cha 128. Funksheni ya ksize ilimwezesha mwombaji kuuliza, baada ya kupewa, kipande chake kina baiti ngapi hasa, na waandishi wa sehemu kadhaa za kerneli walizoea kuyatumia mabaki hayo. Ni sawa na mtu mwenye hati ya kiwanja inayotaja kipimo kimoja, huku uzio ulioko ardhini ukiwa umejengwa mbele zaidi, naye akapanda miti mpaka kwenye uzio. Ardhi ipo, hakuna jirani anayelalamika, na mambo yanakwenda vizuri mpaka siku mtu wa tatu anapoanza kufanya kazi yake kwa kuisoma hati.

Yaliyotokea

Katika nusu ya pili ya 2021, mhandisi wa masuala ya ulinzi wa kerneli alipeleka mfululizo wa viraka (mabadiliko ya msimbo) ulioweka alama ya __alloc_size juu ya vigawaji. Alama hiyo huieleza kompaila kwamba ukubwa wa kinachorudishwa ni thamani ya hoja fulani ya funksheni, yaani mojawapo ya thamani inazopewa inapoitwa: kwa kmalloc ni hoja ya kwanza, kwa kmalloc_array ni zao la hoja mbili. Iliwekwa kwenye kmalloc, kvmalloc, vmalloc, kigawaji cha kila kichakataji na alloc_pages_exact. Na kwa kuwa mwili wa kmalloc huyeyuka ndani ya mwitaji, alama iliwekwa pia kwenye funksheni za ndani zinazobaki baada ya kuyeyuka huko. Mojawapo ilikuwa ikipokea ukubwa kama hoja yake ya tatu.

Kazi ndogondogo za kuandaa njia zilikuwa nyingi kuliko alama yenyewe. Mahali pamoja katika msimbo wa RapidIO, teknolojia ya kuunganisha vifaa, palitoa onyo lisilo la kweli na pakarekebishwa mapema. Onyo la GCC, kompaila inayotumiwa kujenga kerneli, kuhusu ugawaji mkubwa kupita kiasi lilizimwa, kwa hoja kwamba vigawaji vyenyewe hukataa maombi ya namna hiyo. Na kwa kuwa GCC zilizotangulia 9.1 hazikuweza kulizima onyo hilo ipasavyo, alama iliondolewa kabisa kwa matoleo hayo ya zamani. Mfululizo uliingia na kutoka na Linux 5.16, Januari 2022.

Faida ilianza papo hapo kwa ukaguzi wa mipaka wa UBSAN (zana inayonasa makosa ya C programu inapotembea), ambao ulitumia taarifa mpya bila kubadilishwa. Tatizo nalo lilianza papo hapo, na mahali lilipoonekana vizuri zaidi ni kwenye mtandao.

Kila pakiti ndani ya Linux hubebwa na muundo uitwao skb, na bafa ya data yake ina mkia: muundo wa skb_shared_info ambao lazima ukae mwishoni kabisa. Kwenye x86 ya biti 64, kwa usanidi wa kawaida, mkia huo ni baiti 320. Chukua pakiti inayohitaji baiti 400 za data. Baada ya kusawazishwa kwa vipande vya 64 zinakuwa 448, ukiongeza mkia unapata 768, na ombi la 768 hujibiwa kwa kipande cha 1024. Msimbo wa mtandao ulikuwa ukiuliza ksize, ukapata 1024, kisha ukauweka mkia kuanzia baiti ya 704 hadi mwisho wa kipande, ili nafasi yote ya mbele ipatikane kwa data kabla ya kulazimika kugawa upya. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kabisa ulipofanywa. Lakini kompaila sasa ilikuwa na ahadi ya maandishi kwamba bafa ni ya baiti 768, na ilikuwa ikiona muundo unaoanza ndani ya mpaka na kumalizika nje yake.

Hapakuwa na kosa la kumbukumbu, kwa maana baiti zote zilikuwepo na zilikuwa mali ya mwombaji. Hata hivyo kwa kanuni za C kuandika nje ya kitu ni jambo lisilo na maana iliyofafanuliwa, na kompaila ina haki ya kulichukulia hivyo: ama kwa kutoa kengele ya uongo pale ukaguzi unapowashwa, ama, jambo linalotisha zaidi, kwa kupanga msimbo juu ya dhana kwamba uandishi huo hauwezi kutokea.

Kasoro ya pili ilikuwa tulivu zaidi. Katika mfululizo wa 2021, alama ya ukubwa ilifungwa pamoja na ile alama ya zamani ya kutogongana, ili mwandishi asilazimike kuandika zote mbili. Kwa kmalloc hilo ni sahihi. Kwa krealloc si sahihi, maana krealloc, inayobadilisha ukubwa wa kipande kilichokwisha kugawiwa, inaweza kurudisha kielekezi kilekile ilichopewa.

Maamuzi na sababu zake

Kwa mtazamo wangu njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuiondoa alama, na pamoja nayo faida yote. Ya pili ni kukificha kielekezi kila mahali penye mgongano. Kerneli ina makro iitwayo OPTIMIZER_HIDE_VAR ambayo huisahaulisha kompaila kila ilichojua kuhusu thamani fulani. Njia hii ni ya haraka na ingenyamazisha kengele kwa mistari michache, lakini ingeipofusha kompaila mahali hasa ambapo data kutoka nje ya mashine huingia. Ya tatu ni kuubadilisha msimbo ili ahadi iwe kweli.

Kuna historia inayofanya njia ya tatu isiwe dhahiri kama inavyoonekana. Mwaka 2009 iligunduliwa kasoro katika draiva ya tun, iliyosajiliwa kama CVE-2009-1897: msimbo ulikifuata kielekezi kwanza na kukagua baadaye kama ni NULL, yaani kielekezi kisichoelekeza popote, na GCC ikauondoa ukaguzi huo kwa hoja kwamba kielekezi kilichokwisha kufuatwa hakiwezi kuwa NULL. Jibu la kerneli wakati huo lilikuwa kuikataza kompaila kufikiri hivyo, kwa chaguo la -fno-delete-null-pointer-checks, ambalo limebaki hadi leo. Katika utamaduni wa namna hiyo, kuchagua kuipa kompaila maarifa zaidi na kisha kuurekebisha msimbo ili ulingane nayo ni uamuzi mzito, na naamini ulikuwa sahihi.

Utekelezaji wake ulitegemea kuona kwamba ksize iliulizwa kwa wakati usiofaa. Ukubwa halisi ulikuwa ukijulikana baada ya ugawaji, wakati kompaila imekwisha kuandika ukubwa ulioombwa. Kama swali lingeulizwa kabla, mwombaji angeomba moja kwa moja kile atakachokitumia. Ndipo ikatungwa kmalloc_size_roundup, iliyoingia katika Linux 6.1 mwishoni mwa 2022. Inapokea ukubwa unaotakiwa na kurudisha ukubwa wa daraja litakalotumika, bila kugawa chochote. Katika mfano wetu 768 hupandishwa kuwa 1024 kwanza, kisha ndipo kmalloc huombwa 1024. Hati na uzio vinasema jambo moja.

Uamuzi ambao ni rahisi kuupita bila kuuona ni kwamba upandishaji huo haukufichwa ndani ya kmalloc. Ungefanywa kwa kila wito, mtu anayeomba baiti 100 na kuandika 110 kwa makosa asingegunduliwa kamwe, kwa sababu kompaila ingeambiwa 128. Mabaki ya daraja hutolewa kwa anayeyataka waziwazi tu. Kwa hiyo ilibidi watumiaji wa ksize wafuatwe mmoja mmoja, kila mmoja kwa idhini ya wasimamizi wa sehemu yake. Msimbo wa kuandika picha ya programu iliyoanguka, mfumo wa faili wa btrfs, dma-buf inayoshirikisha bafa kati ya vifaa, swichi ya mtandao ya openvswitch, na draiva za kadi za mtandao za bnx2 na igb walipokea upandishaji. Draiva ya Wi-Fi ya iwlwifi ilitatuliwa kwa namna nyingine: badala ya kumuuliza kigawaji bafa yake ina ukubwa gani, ilianza kuutunza ukubwa huo yenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu lingefaa mahali pengi zaidi.

Kwa upande wa krealloc, alama zilitenganishwa: ikaundwa __realloc_size, yenye ahadi ya ukubwa bila ahadi ya kutogongana.

Matokeo

Kuelekea mwisho wa 2022, baada ya watumiaji waliojulikana kubadilishwa, ksize yenyewe ilipunguzwa madaraka. Hadi hapo, kuiita kulikuwa na athari ya pembeni: iliiambia KASAN, zana inayofuatilia matumizi mabaya ya kumbukumbu, kwamba kipande chote sasa ni halali kuguswa. Athari hiyo iliondolewa. Kuanzia hapo ksize hutoa taarifa tu, na anayetaka nafasi zaidi hana budi kuomba.

Ndipo akapatikana mtumiaji aliyesahaulika. Syzkaller, programu inayoijaribu kerneli kwa miito ya kubahatisha, iliripoti kupitia KASAN uandishi wa baiti 32 nje ya mipaka ndani ya build_skb. Funksheni hiyo hujenga skb juu ya bafa iliyokwisha kugawiwa na mtu mwingine, na ilikuwa na mapatano ya kimya kwamba ikipewa ukubwa wa 0, maana yake bafa imetoka kmalloc na ukubwa utatafutwa kwa ksize. Njia ya majaribio ya programu za BPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli) ilikuwa ikiyatumia mapatano hayo. Suluhisho lilikuwa slab_build_skb, funksheni tofauti inayoita krealloc ili bafa itangazwe rasmi kuwa na ukubwa wa kipande kizima, kisha inaendelea na kielekezi kinachorudi, si kile cha awali, maana ni kile kipya ndicho kinachobeba ahadi mpya.

Linux 6.3 ya 2023 ilikamilisha lengo la awali. FORTIFY_SOURCE ilianza kutumia __builtin_dynamic_object_size, ambayo GCC iliipata katika toleo la 12 na kompaila nyingine, Clang, ilikuwa nayo mapema zaidi, na ambayo hutoa ukubwa hata pale unapojulikana tu wakati programu inatembea. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka kwenye majaribio ya kerneli yenyewe. Kulikuwa na jaribio la makusudi la kufurika bafa ya vmalloc, lililokusudiwa kugonga ukurasa wa ulinzi uliopo baada ya bafa. Baada ya badiliko hili jaribio liliacha kufika huko, kwa sababu memset ilikamatwa kabla haijavuka, na ikabidi kompaila ifichwe ukubwa ili ulinzi wa ngazi ya chini upate kujaribiwa.

Faida ya kasi ilitokea mahali ambapo haikuwa shabaha. Ili kujibu, ksize ililazimika kusoma muundo wa ukurasa unaomiliki kipande, na muundo huo mara nyingi haumo kwenye kumbukumbu ya karibu ya kichakataji. Ilipoondolewa kwenye njia ya kugawa skb, usomaji huo uliondoka nao, na wahandisi wa mtandao walishuhudia kasi ikipanda. Walilifuata wazo hilohilo hadi upande wa kuachilia, na katika 6.3 wakaunda hifadhi maalumu kwa ajili ya bafa ndogo za skb.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hasa ni kuhamisha swali la ukubwa kutoka baada ya ugawaji kwenda kabla yake. Badiliko hilo halikuhitaji kompaila mpya, wala kigawaji kipya, wala msamaha kwa msimbo wowote, na lilizihudumia pande tatu kwa pamoja: kompaila ikapata ukubwa wa kweli, KASAN ikaacha kudanganywa, na kichakataji kikapunguziwa safari ya kwenda kwenye kumbukumbu ya mbali. Mpangilio wa hatua za 2022 nao ulikuwa mzuri: zana mpya kwanza, watumiaji baadaye, na mwisho kabisa kuondoa uwezo wa zamani. Kama ksize ingepunguzwa madaraka mapema, kila mtumiaji ambaye hajabadilishwa angekuwa kama build_skb.

Mpangilio wa 2021 haukuwa hivyo. Alama ilitolewa kwa ulimwengu katika 5.16 kabla ya watumiaji wa ksize kuorodheshwa, na kwa muda wa karibu mwaka mzima kerneli ilikuwa ikiipa kompaila ahadi ambayo sehemu zake zenye kazi nyingi kuliko zote zilikuwa zikiivunja kwa kila pakiti. Inaweza kutetewa kwamba migongano isingeonekana bila alama kuwekwa. Kwa ukaguzi unaowashwa kwa hiari, nauona utetezi huo. Kwa alama ambayo kompaila inaruhusiwa kuitumia katika uboreshaji hata pale hakuna ukaguzi uliowashwa, siuoni, kwa sababu wanaobeba hatari ni watu ambao hawakujua kama kuna jaribio linaendelea. Kumtafuta kila aliyeita ksize ni kazi ambayo ingeweza kufanywa hata kabla ya kiraka cha kwanza.

Kufunga ahadi mbili katika alama moja ni kosa la aina nyingine. Ahadi ya ukubwa ikivunjwa, mara nyingi kuna kengele. Ahadi ya kutogongana ikivunjwa hakuna kengele yoyote: kompaila hutumia thamani ya zamani iliyo kwenye rejista, na data huharibika mbali na mahali chanzo kilipo. Kila ahadi inayotolewa kwa kompaila inastahili kuandikwa peke yake na kuthibitishwa peke yake, hata kama mistari itaongezeka.

Kuhusu build_skb, tatizo halikuwa uzembe wa kutafuta. Mtafutaji wa ksize angeiona ksize iliyomo ndani yake. Asichokiona kwa urahisi ni waitaji wanaotuma 0, kwa kuwa kwenye msimbo wao neno ksize halipo. Maana nzima ilikuwa imefichwa katika namba. Kuigawa funksheni kuwa mbili kuliifanya maana hiyo isomeke.

Upandishaji wa ukubwa una bei yake, na mwandishi anayetaka kuuiga aijue. Ukubwa unaopitia kmalloc_size_roundup hauwi tena namba isiyobadilika machoni pa kompaila, kwa hiyo ule msaada wa zamani wa kuchagua daraja wakati wa kukompaili hupotea, na daraja hutafutwa mara mbili programu inapotembea. Panapotakiwa nafasi ya muundo mmoja tu, kmalloc ya kawaida inabaki kuwa bora.

Mwisho kuna mpaka ambao __alloc_size haiuvuki. Kompaila inaukumbuka ukubwa maadamu inaweza kukifuata kielekezi kutoka kilipogawiwa. Kikihifadhiwa ndani ya muundo na kusomwa katika faili nyingine, taarifa hupotea. Kwa safu zilizoko mwishoni mwa miundo, kerneli ilianza kutumia __counted_by katika 2023, alama inayoieleza kompaila ni sehemu gani ya muundo inayotunza idadi ya vipengele. GCC iliiunga mkono katika toleo la 15. Nayo imekuja na sharti lake: idadi lazima iwekwe kabla safu haijaguswa kwa mara ya kwanza, na katika sehemu nyingi za kerneli zilizopokea alama hiyo, mstari wa kuweka idadi ulikuwa chini ya kitanzi cha kuijaza safu na ilibidi upandishwe juu yake.